Treina ya baiskeli ya bei poa kwa sisi wa Mwanza: kagua ekseli kwanza, bei itafuata

Wenzetu wa Ulaya ikifika Novemba ndo wanaanza kuzisaka hizi mashine, kwao nje theluji, barabara inateleza, jua linazama saa kumi jioni. Sisi theluji hatuna ila kila anayeendesha baiskeli Mwanza anaijua ile mvua ya alfajiri. Umeamka saa kumi na moja, kaptula umevaa, chupa umejaza maji, unafungua mlango unakuta upande wa ziwani kweusi tii na radi inachezacheza. Na wala siyo nuksi yako. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko katikati, hewa yenye unyevu inapanda juu na mawingu yanajijenga, ndo maana Ziwa Victoria linapiga radi usiku kucha na likimaliza linatuletea sisi salio lake asubuhi. Ongeza na giza. Huku magharibi jua linachelewa, miezi kama Februari saa 12 na nusu bado unaendesha kwa tochi, barabara ya Nyerere malori yanashuka Igoma, ya Kenyatta daladala zinagombania abiria Mkuyuni, na bodaboda asiye na taa anakuja upande wako.

Kwa hiyo kuanzia vuli ya Oktoba mpaka masika inapoisha Mei, mtu unapoteza asubuhi nyingi sana. Treina ndo dawa. Nikisema treina simaanishi kocha wala ile baiskeli ya jimu, namaanisha kile chuma unachofunga gurudumu la nyuma la baiskeli yako mwenyewe, unapiga pedeli ndani kwako na huendi popote. Nimetumia mbili mpaka sasa, ya kwanza nilinunua kijinga, hii ya pili naipenda, na humu nataka nikuelekeze namna ya kupata inayokufaa bila kumwaga hela.

Hatua ya 1: pindua baiskeli uangalie nyuma

Wengi wanaanza na bei. Usianze na bei, anza na ekseli ya gurudumu la nyuma, maana treina nyingi za bei ya chini zinashika baiskeli hapo hapo kwenye ncha mbili za ekseli, na kama ncha zako hazishikiki basi hata upewe bure umepewa mzigo.

Utakuta moja ya hizi tatu. Kuna ya kwiki, ile ina kijiti chembamba kinapita katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na upande mmoja kina mkono wa kukunja, hii ndo rahisi kuliko zote na treina nyingi zimetengenezwa kwa ajili yake. Kuna ya nati mbili, ile unafungua kwa spana namba 15, hii inawezekana lakini utahitaji nati maalumu za kushikwa na treina, au treina ambayo vikombe vyake, vile vinavyobana ncha za ekseli, ni vipana vya kumeza nati. Ya tatu ni ekseli nene ya kupenya, milimita 12, iko kwenye baiskeli mpyampya za bei, hii inataka adapta yake na lazima ujue upana wa nyuma wa fremu na aina ya nyuzi kabla hujaagiza.

Mimi nilikuwa na ya nati. Nikaenda kwa fundi wangu Buzuruga, mzee mmoja anafanyia kazi chini ya mwembe, nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba natafuta chuma cha kushika baiskeli niwe naendesha ndani isiende popote.

"Isiende popote?" akanitazama. "Si uifunge kamba hapo kwenye mwembe, mwanangu, mbona bure."

Akacheka mwenyewe weee, halafu akainama, akapitisha kidole gumba kwenye nati ya upande wa cheni. "Hii imelika kona. Chuma chochote utakachobana hapa kitateleza. Badilisha ekseli yote tukuwekee ya kwiki, habu yako inakubali." Akanionesha, kona za nati zilikuwa zimeisha kabisa, duara kama shilingi, na mimi nilikuwa nafungua hiyo nati kila wiki sijawahi kuona. Tulibadilisha ekseli siku hiyo hiyo. Hilo ndo jambo la maana kuliko yote nililofanya kwenye hii safari ya treina na halikuwa hata na treina ndani yake.

Wenye Phoenix, samahani. Naipenda Phoenix, nimekulia kwenye keria yake, na huku usukumani hakuna mtu wa kuidharau, ila kwa treina inasumbua: stendi yake kubwa imefungwa kwenye ekseli hiyo hiyo inayotakiwa kubanwa, nati zake ni nene, na nyuma kuna vyuma vya keria na madgadi vinaingiliana na mikono ya treina. Utavua vitu vingi sana. Tafuta baiskeli ya gia hata ya mtumba, iweke ndani iwe ya kazi hiyo, Phoenix ibaki barabarani inakoheshimika.

Ukiwa bado umeinama hapo angalia na saizi ya gurudumu. Treina nyingi za kukandamiza tairi zinapokea inchi 26 mpaka 29, na zile 700 za baiskeli za resi. Inchi 24 za watoto mara nyingi hazifiki kwenye rola, ule mtungi mdogo wa treina unaogusa tairi. Na tairi likiwa pana kupita inchi 2 na kidogo, soma kwanza maelezo ya treina yenyewe.

Hatua ya 2: jua unachagua kati ya nini na nini

Ziko aina nyingi ila kwa mtu wa bajeti mambo ni haya.

Treina ya rola ni mitungi mitatu kwenye fremu, unapanda juu yake baiskeli ikiwa huru kabisa, unajibalansi mwenyewe. Inafundisha kuendesha kwa ulaini na haijali ekseli yako ni ya aina gani. Ila siku tatu za kwanza utakuwa unaanguka ukutani, kwa hiyo weka mlangoni, ushike fremu ya mlango.

Ya sumaku ndo ya bei ya chini kuliko zote zinazofaa. Tairi la nyuma linakandamiza rola ndogo, rola inazungusha sahani ya chuma karibu na sumaku, na sumaku inavuta nyuma. Nyingi zina waya na kiswichi cha kufunga kwenye usukani, namba 1 mpaka 5 au zaidi, unaongeza ugumu kwa kidole. Ubaya wake ni kwamba kila namba ina ugumu wake uliopangwa, ukitaka kupanda mlima wa ukweli unabadilisha namba na gia pamoja, na ukiipiga muda mrefu ikipata moto inalegea kidogo.

Ya mafuta imefanana nayo kwa nje, ila ndani ya lile boksi kuna pangaboi dogo linazunguka kwenye mafuta mazito. Ukienda polepole ni laini, ukikaza inakaza, na inakaza zaidi ya ulivyokaza wewe, vile vile kama upepo wa barabarani unavyofanya. Haina waya wala kiswichi, unatumia gia zako tu. Haina makelele mengi. Hii ndo ninayotumia na kama una hela ya moja tu maishani ningekwambia uchukue hii. Kasoro yake moja ni mafuta kuvuja ikizeeka, nitakuambia mbele namna ya kukagua.

Iko na ya pangaboi la hewa. Achana nayo. Inalia kama ndege ya asubuhi ikitua pale uwanjani.

Halafu ndo zinakuja treina janja, zile zinazoongea na simu au kompyuta bila waya, kwa Bluetooth au ANT+, mlima ukija kwenye skrini na yenyewe inakaza. Ziko za kukandamiza tairi na ziko za kutoa gurudumu la nyuma kabisa, cheni inakaa moja kwa moja kwenye meno ya treina. Hizi za kutoa gurudumu ni tamu, sikatai, kimya, hazitelezi, kipimo cha wati, yaani nguvu ya miguu yako, kinakosea kama asilimia 2 tu wakati za kukandamiza tairi nyingi zinakosea mpaka 5, na zinaigiza mlima wa asilimia 16 bila shida. Miaka ya nyuma zilikuwa za matajiri, siku hizi bei imeshuka: Zwift Hub ilipotoka 2022 ilikuwa dola 499, JetBlack Victory ikaja na dola 399. Kwa mzungu hiyo ni rahisi. Kwetu zidisha kwa dola ya siku hiyo, weka usafiri wa kitu cha kilo 15 na kuendelea, weka ushuru, halafu kaa chini unywe maji.

Za sumaku mpya huko nje zinazunguka dola 100 mpaka 200, za mafuta kama 200 mpaka 350. Mtumba ni nusu ya hapo au chini.

Hatua ya 3: jiulize kuhusu umeme kabla hujaota kuhusu skrini

Hapa ndo sisi tunatofautiana na video za YouTube. Karibu kila treina ya kutoa gurudumu inataka kuchomekwa ukutani ndo ikaze. Chache za bei kali kama Tacx NEO zinajizalishia umeme zenyewe ukipiga pedeli, nyingine nyingi umeme ukikatika unabaki unazungusha miguu hewani kama umekatika cheni. Na mvua ile ile iliyokufungia ndani ndo hiyo hiyo inayokata umeme! Nimekaa Nyegezi miaka, radi ya kwanza taa zinacheza, ya pili giza. Sasa umenunua mashine ya milioni na zaidi ya kukusaidia siku za mvua halafu siku za mvua haifanyi kazi.

Treina ya sumaku ya waya na ya mafuta haziulizi umeme. Giza linaingia, mimi naendelea, nawasha tochi ya simu naielekeza darini basi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa huku ni mfupi: isipokuwa una sola ya maana au jenereta ambayo majirani wameizoea, chukua isiyo na plagi.

Kama bado unang'ang'ania ya plagi, LUKU isikutishe, adapta nyingi ni ndogo, feni na treina kwa pamoja havifiki pasi ya nguo hata kidogo. Cha kuangalia ni maandishi mgongoni mwa adapta. Yasomeke 100 mpaka 240V. Ikiandikwa 100V au 110V peke yake, mzigo ulitokea Japani au Marekani, ukichomeka kwenye 230 yetu umeaga.

Na kuhusu kuendesha kwenye skrini, huhitaji treina janja kuanza. Treina ya kawaida pamoja na kisensa cha spidi cha kufunga kwenye habu ya nyuma inatosha, Zwift, apu ya kuendesha baiskeli kwenye barabara za skrini, inazijua treina nyingi za kawaida kwa majina, unachagua ya kwako na yenyewe inakadiria wati kutokana na spidi ya gurudumu. Siyo sahihi sana ila inatosha kukutoa jasho. Zwift ni ya kulipia, tangu 2024 ni dola 19.99 kwa mwezi, apu nyingine, MyWhoosh, ni bure lakini yenyewe ni ya wenye treina janja au kipimo cha wati. Kudownload ni gigabaiti kadhaa kwa hiyo tafuta waifai ya mtu, ukishaanza kuendesha inakula bando kidogo kuliko kuangalia video. Mimi mwenyewe situmii, nadownload marudio ya Tour de France usiku, asubuhi nayaangalia, wakipanda na mimi naongeza gia.

Hatua ya 4: kama unataka ya kutoa gurudumu, kagua meno

Fupi tu ila inaokoa hela. Baiskeli nyingi za mtumba zenye gia 6 au 7 nyuma zina fri, yaani meno ya kukaza kwa nyuzi kwenye habu, siyo kaseti ambayo meno yake yanachomekwa na kuvuliwa. Fri hiyo haihamii kwenye treina. Namna ya kujua: zungusha meno kurudi nyuma huku unatazama ile sehemu ya katikati kabisa yenye vijino vya kuingizia funguo. Meno yakizunguka na katikati pakabaki pametulia, hiyo ni fri. Vikizunguka vyote pamoja ni kaseti. Kaseti ya 11 kwa kawaida inaingia bila maneno, ya 8 mpaka 10 mara nyingi inataka ringi nyembamba ya kujazia nyuma yake, ya 7 inaongezewa na nyingine ya milimita 4.5. Ukiwa na fri, rudi kwenye treina za kukandamiza tairi, huko haihusiani.

Hatua ya 5: kununua, na jinsi nilivyopigwa

Kuna njia tatu. Mtumba unaoingia na makontena, unaagiza kupitia mtu au wakala wa Dar, au unamvizia mtu anayehama, mgeni aliyekuja na baiskeli yake na mkataba umeisha, hawa wanauza vizuri kwa sababu wanasafiri Ijumaa.

Ya kwanza niliichukua kwa muuzaji wa vitu vya mtumba, ilikuwa imekaa kati ya kigari cha mtoto na mashine ya kukimbilia, rangi safi, rola inazunguka, nikabageini, nikabeba kwenye boda nikiwa nimeipakata kama mbuzi. Nyumbani nikafunga baiskeli, nikapanda. Dakika ya ishirini hivi, nimekaza, nimesimama kwenye pedeli, nikasikia *tak*, upande wa kushoto ukachomoka, baiskeli ikalala, mimi juu yake, bega likagonga ndoo ya maji, maji yote sakafuni mpaka chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba akagonga mlango: "Mwanangu, unavunja nini humo saa hizi?" Ningemjibu nini, eti nimeanguka na baiskeli chumbani.

Tatizo lilikuwa hiki: treina inauzwa na kijiti chake cha chuma cha kubadilisha kile cha kwiki kilichokuja na baiskeli. Ncha zake zimetengenezwa ziingie sawasawa kwenye vikombe vya treina. Yangu ilikuja bila kijiti, muuzaji akasema "hivyo hivyo tu inashika", mimi nikaamini, nikabana ncha ya aluminiamu yenye umbo la ajabuajabu, ikaliwa taratibu mpaka ikaachia. Kurudi kwake kesho yake, hanijui.

Basi ukikuta treina ya mtumba fanya hivi. Uliza kijiti. Kama hakipo, punguza bei na uhakikishe unajua pa kukipata, urefu wa kawaida ni wa habu za milimita 130 na 135. Shika rola kwa vidole viwili uitikise pembeni, ikicheza beringi zimekufa, na fundi akiweza kuzibadilisha sawa ila usilipe bei ya nzima. Zungusha rola kwa mkono usikilize, isiwe na mkwaruzo. Kama ni ya mafuta, pitisha kitambaa cheupe au tishu kwenye maungio ya boksi na chini ya ekseli ya rola, ikitoka na mafuta ya kunata, iache, hiyo haina fundi. Ya sumaku, panda namba zote moja moja usikie kama ugumu unabadilika kweli, mara nyingi waya umekatika ndani na imebaki namba moja. Fungua miguu, iweke sakafuni, iegemee kwa uzito wako wote. Na ukiweza nenda na baiskeli yako kabisa, ufunge pale pale, upande. Muuzaji akikataa usipande, na wewe usilipe.

Ukiagiza nje, usikubali bei ya mzigo peke yake, mwambie wakala akupe jumla mpaka mlangoni: usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na chake yeye. Kwa ndege vitu vya boksi kubwa wanaweza kukutoza kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito, kwa hiyo uliza vipimo.

Hatua ya 6: weka hela ya vitu vidogo

Tairi. Ukifunga tairi la vibutu, yale manundu ya njia mbovu, kwenye rola, nyumba nzima itasikia kama umewasha blenda isiyo na kitu ndani, na vibutu vinaisha kwa wiki chache vinabaki vumbi la mpira sakafuni. Tafuta tairi laini. Yapo matairi maalumu ya treina, mpira wake mgumu unavumilia joto, ila hata tairi kipara la zamani lisilopasuka linafanya kazi, hapa ndo pekee kipara kina faida. Uliza fundi wako, ana rundo.

Feni, hii siyo anasa. Barabarani upepo unakupoza bure, ndani upepo haupo na unyevu wa ziwani umekaa, mtu anayekaza anaweza kutoka jasho lita nzima kwa saa na kupita. Feni ya mezani iwe mbele kwa chini kidogo ikupige kifuani. Tandika kanga kuukuu kuanzia usukani mpaka kwenye siti, chumvi ya jasho inakula boliti za usukani na fremu kimya kimya. Chini weka zulia la zamani au mpira wa kukanyagia, unapunguza mtetemo unaopita ukutani kwenda kwa jirani. Wa vyumba vya kupanga, hili mzungumze na jirani kabla, saa kumi na moja alfajiri siyo saa ya kila mtu. Gurudumu la mbele liinue kidogo baiskeli iwe sawa, zipo vigingi vya plastiki vya kuuzwa, mimi nimeweka kipande cha ubao kilichochongwa bonde katikati, fundi seremala alinichongea akiwa anasubiri chai.

Hatua ya 7: kufunga

Jaza tairi kwanza kwa presha iliyoandikwa ubavuni, ukiiacha laini linateleza na kujichoma. Badilisha kijiti. Ingiza upande wa mkono wa kukunja kwenye kikombe chake, kisha ule wa pili, bana, halafu shika siti uitikise kwa nguvu kushoto kulia. Isipige hata kelele. Sogeza rola mpaka iguse tairi, halafu kaza kitasa raundi mbili au tatu. Jaribu: shika gurudumu kwa mkono, livute ghafla. Likiteleza juu ya rola, ongeza robo raundi. Usikaze mpaka mwisho ukidhani ndo mazoezi, unaua tairi na beringi.

Dakika kumi za mwanzo nenda laini, hata treina yenyewe inahitaji kupata moto ndo itulie. Kama ni janja hapo ndo unaipima upya kwenye apu, kwa za kukandamiza tairi watakuambia upandishe spidi mpaka kama kilomita 35 kwa saa halafu uache miguu, yenyewe inahesabu inachukua sekunde ngapi kusimama. Fanya hivyo kila ukibadilisha presha ya tairi, la sivyo wati zitakudanganya.

Kisha fanya kitu kifupi. Saa mbili ndani ni adhabu, dakika 40 au 45 zinatosha kwa sababu ndani hakuna mteremko, hupumziki kabisa. Mimi napiga kumi laini, halafu dakika tatu ngumu na mbili laini mara tano, zinazobaki namalizia nikiimba. Kipimo cha ngumu: uweze kusema maneno mawili, sentensi ishindikane.

Jambo la usiku. Ile miezi wadudu wa ziwani wanapotoka kama moshi, ukiwasha taa dirisha wazi na feni inavuta, utawameza. Funga nyavu, au endesha na taa ya chumba cha pili. Na radi ikiwa juu yako kabisa, chomoa plagi zote.

Mwisho, siku mvua ikikata na unataka kutoka mpaka Usagara au hata ukalione daraja la Kigongo–Busisi, badilisha tairi la nyuma kabla hujatoka getini. Tairi la treina ni gumu na kipara ni kipara, lami ya Mkuyuni ikiwa bado mbichi halishiki kitu. Mimi nina gurudumu la pili la mtumba lenye tairi la barabarani, linaning'inia msumarini nyuma ya mlango, kubadilisha ni dakika mbili na ile kwiki ya mzee wa Buzuruga.